Jicho la Milembe Lililobaki

Kwa Mzee Mabula,
Sapiwi,
S.L.P. 41,
Bariadi, Shinyanga.

14 Agosti 1996

Mpendwa Shangazi Milembe,

Shikamoo. Mpe Baba Constantine shikamoo yangu pia, na umwulize kama kifua chake kimepona, maana katika barua yako ya Pasaka ulisema baridi ya Moshi inamsumbua. Mama yako, Bibi Kwandu, anakusalimu kwa mikono miwili. Anataka kujua kama unalala vizuri, na kama huko mnapata unga wa mtama au mmekwisha kuwa watu wa ndizi kabisa.

Naomba usome barua hii ukiwa umekaa. Bibi ndiye aliyeniagiza niandike hivyo, kwa sababu ana hofu utaisoma ukiwa njiani kutoka posta.

Mwalimu Benedikta, anayetufundisha Kiswahili darasa la saba, anasema baada ya salamu mwandishi aeleze kwamba yeye na wa kwao hawajambo. Mimi sijambo. Baba na Mama hawajambo. Ambaye si mzima ni mdogo wangu Milembe, wajina wako. Ameharibikiwa jicho la kulia. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu kuna jambo tunakuomba, na huwezi kulifanya vizuri bila kuyajua yote.

Ulipokuja kwenye msiba wa Babu, Milembe alikuwa hajaanza kutembea, kwa hiyo hukuliona hili. Alipokua, jicho lake la kushoto lilikuwa na tabia ya kwenda nje. Si kila wakati. Akiwa anakula au anacheza karibu nawe, macho yote mawili yalikuwa sawa kabisa. Lakini akichoka, au akiwa na homa, au akiwatazama ndama kwa mbali, jicho la kushoto lilijitenga polepole likaelekea upande wa sikio, kana kwamba limeitwa na mtu mwingine. Ukimwita jina, lilirudi. Kwenye jua kali alilifumba, na Mama alidhani ni vumbi.

Watoto wenzake walimtania kwamba anachunga ng'ombe wa pande mbili. Yeye aliwajibu, "Ndiyo maana ndama wangu hawapotei. Wa kwenu wako wapi?" Unaona kwamba amechukua mdomo wako pamoja na jina.

Mwezi wa tano alikuja mtabibu wa macho kwenye zahanati yetu, Bwana Januarius, anayezunguka vijijini kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Tulimpeleka Milembe, Baba na mimi. Baba aliacha kuchuma pamba ili aje, nami naomba ulikumbuke hilo utakapofika mbele katika barua hii.

Bwana Januarius alimziba Milembe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, akimwambia atazame kalamu yake, halafu atazame mlango wa kanisa ulio mbali. Alipomaliza alimwuliza Baba kama ana maksai wa kulimia. Baba akasema anao wawili.

"Mmoja akiwa mvivu, unamfanyaje?"

"Namchapa," Baba akasema, na watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

"Jicho halichapwi, mzee. Lakini ukimpumzisha yule mwenye nguvu, mvivu atalazimika kuvuta."

Akatueleza kwamba jicho la kushoto halina ugonjwa. Linaona, ila limezoea kuliachia la kulia kazi yote. Tulifunike la kulia, lile lenye nguvu, kila siku mchana kwa muda, kwa pamba safi na plasta, ili la kushoto lijifunze kukaa ndani. Yeye angerudi baada ya mavuno kuangalia. Kama lingekuwa bado linatoka, zipo hospitali kubwa ambako madaktari huikaza misuli midogo inayogeuza jicho, na watoto wanapona. Tena akatuonya kwamba Milembe angelia, kwa sababu hakuna mtoto anayependa kufungwa jicho lake zuri, nasi tusimwonee huruma tukamfungua. Hayakuwa maneno mabaya, Shangazi. Lakini ndiyo yaliyotuponza.

Zahanati haikuwa na pamba ya hospitali wala plasta. Siku hizi mgonjwa huambiwa akajitafutie dukani. Muuguzi alituelekeza twende mjini tuulize pamba iliyofungwa kwenye karatasi ya buluu. Baba alicheka tena.

"Mimi nalala juu ya pamba, mke wangu anapika ameegemea pamba, halafu nipande baiskeli kwenda mjini kununua pamba?"

Sote tulicheka, hata muuguzi. Ilikuwa kweli. Zamani chama cha ushirika kilinunua pamba yote, na watu walijua siku ya kupima. Sasa wanunuzi ni wengi, lakini huja wanapotaka, na mwaka huu wamechelewa. Chumba cha mbele kimejaa hadi kwenye boriti, sisi tunaingia ndani kwa ubavu.

Kuna jambo lingine ambalo huenda hulijui kwa kuwa uliondoka zamani. Dawa ya kunyunyizia pamba ilikuwa ikitolewa na chama, na bwana shamba alikuwa akisema lini tuanze na lini tuache. Sasa tunainunua gulioni kwa mtu anayeimimina kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa za soda. Haina karatasi ya maelezo. Wadudu hawakufa vizuri, basi Baba akaendelea kunyunyiza hata vitumba vilipokuwa vimekwisha kupasuka. Na pamba ilipokaa ndani muda mrefu, panya wakaanza kuitoboa, akanyunyiza juu ya rundo pia. Si yeye peke yake. Karibu kila nyumba hapa ilifanya hivyo.

Bibi Kwandu ndiye aliyechagua pamba ya jicho. Aliingiza mkono katikati ya rundo akatoa ile nyeupe kuliko yote, akaondoa mbegu moja moja kwa vidole, akaichambua mpaka ikawa kama povu la maziwa mapya. Akakata kipande cha kitenge chake kile chenye kasuku, akafunga. Alisema hata mtoto wa mkuu wa wilaya hajafungwa jicho kwa uzuri kama ule.

Milembe alisema inauma. Sisi tulikuwa tumeambiwa atalia. Bibi akamwambia, "Dawa isiyouma ni maji," na Milembe akanyamaza. Jioni Mama alipomfungua, jicho lilikuwa jekundu, tukadhani ni kwa sababu ya kulisugua. Kesho yake Bibi akatafuta pamba mpya, kwa kuwa yeye ni mtu msafi na hawezi kurudishia ya jana. Kila siku pamba mpya kutoka kwenye rundo lile lile. Baada ya muda Milembe hakusema tena kwamba inauma. Alikuwa anakuja mwenyewe baada ya kula, anasimama katikati ya magoti ya Bibi, anainua uso ili afungwe. Hilo ndilo linalomchoma Bibi kuliko mengine yote, kwamba mtoto alimtii.

Asubuhi moja jicho lilikataa kufunguka. Kope zilikuwa zimevimba na usaha unatoka. Mama alipozitenganisha, mboni ilikuwa imefunikwa na utando, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa yakipoa. Baba alimbeba kwenye baiskeli mpaka hospitali mjini bila kupumzika. Mimi na Mama tulifuata kwa miguu.

Walimwosha jicho na kumpa marhamu, na maumivu yakaisha. Ule weupe haukuisha. Bwana Januarius alikuwepo siku ile, akauliza alikuwa amefunikwa kwa kitu gani. Kitambaa cha Bibi kilikuwa kwenye mfuko wangu pamoja na pamba yake. Alikinusa. Kisha akampa Baba naye anuse.

"Hii ni pamba," Baba akasema. "Pamba yote inanuka hivi."

"Pamba yako ndiyo inanuka hivi, mzee. Si yote."

Baba akamrudishia, akatoka nje, akasimama karibu na baiskeli yake mpaka tulipomaliza.

Tangu siku ile Baba hajataja habari ya dawa. Anachosema ni kwamba mtoto wake alikuwa na macho mawili kabla ya kwenda hospitali, na hospitali ndiyo iliyomwambia amzibe. Shangazi, ni vigumu kumjibu, kwa sababu kila neno hapo ni kweli. Anakula peke yake. Jioni anakaa zizini mpaka giza linaingia. Nadhani anajua. Nadhani ndiyo sababu hawezi kusema.

Ndipo akaja mzee mmoja wa ukoo kumpa pole, akamwambia kwamba jicho la kushoto lilikuwa likitoka nje kwa sababu mmoja wa wahenga wetu alikuwa akimwita mtoto. Kwa kuwa hatukuitika, amekasirika, amechukua la kulia. Akasema kuna mfumu upande wa Mwanhuzi, mganga anayejulikana, anayetwanga majani na kuyakamulia katika macho yote mawili ili mhenga aachilie. Baba ameyakubali. Kama ni mhenga, basi si ile chupa ya soda. Simlaumu kwa kupenda kuamini hivyo.

Lakini Shangazi, macho yote mawili maana yake ni pamoja na hili lililobaki. Kuna kijana hapa kijijini, kaka yake rafiki yangu Violeth, aliyekamuliwa majani kwa ajili ya macho mekundu. Leo Violeth anamwongoza kwa fimbo kwenda kisimani. Na Bwana Januarius alituambia tukiwa mlangoni pa hospitali, tusimtie Milembe kitu chochote jichoni, hata maziwa ya mama.

Mimi sidharau mambo ya wazee, nawe usifikiri shule imeniharibu. Bibi mwenyewe huwamwagia wahenga unga na pombe, na huwa nashika kibuyu. Lakini hata yeye amekataa. Alisema, "Babu yao nilimzika mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuomba jicho la mtoto." Alimwambia Mama, si Baba. Mbele ya Baba haongei. Anasema mikono iliyofunga kile kitambaa imemfunga na mdomo.

Mama amesema, hakusikilizwa. Mwalimu Benedikta alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada. Baba alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti na maziwa ya mgando, akamwuliza habari za shule na habari za nyumbani kwake, akamsindikiza mpaka njia panda. Mwalimu hakupata nafasi ya kutaja jicho.

Baba amesema ataondoka na Milembe mara pamba ikipimwa, kwa kuwa sasa hawezi kuiacha nyumba. Tunasubiri lori la mnunuzi. Wanasema limekwisha kuonekana Lagangabilili. Zamani tuliomba lori lije upesi. Sasa nikisikia mngurumo barabarani natoka kuangalia, na kama ni basi au gari la serikali, namshukuru Mungu.

Juzi tulikuwa tukichambua mlenda, Bibi na mimi. Akasema ghafla, "Mwandikie mwenye ng'ombe." Sikumwelewa, nikamwuliza ni nani.

"Shangazi yako. Wewe ulidhani mama yako alikuja hapa kwa ng'ombe wa nani?"

Ndipo akanieleza, maana mimi sikuwahi kuambiwa. Ulipoolewa, ng'ombe wa mahari yako waliingia katika zizi letu. Baba alipotaka kuoa, baadhi ya hao hao wakatoka kwenda kwa wazazi wa Mama, na waliobaki wakazaa, ndio hawa tunaowakamua. Kwa hiyo Mama yuko katika nyumba hii kwa ajili yako, na sisi watoto pia. Bibi anasema Baba anaweza kumkatalia mke wake, mwalimu na daktari, tena akalala usingizi. Lakini dada mkubwa aliyembeba mgongoni, ambaye ng'ombe wake ndio waliomwoza, akimwita mtoto wa nyumba hiyo, na mtoto mwenyewe ana jina lake, Baba hana pa kuweka uso wake akikataa.

Hili ndilo tunalokuomba. Barua yako ingechukua muda mrefu kufika, basi tunaomba upige simu ya maandishi ya posta kwa anwani ya juu. Mwalimu Benedikta hupita posta ya Bariadi mara kwa mara, na ameahidi kuiulizia. Bibi anasema usieleze kitu, usimgombeze, wala usitaje dawa wala mganga. Sema tu, "Namtaka wajina wangu. Mama amlete." Hayo yanatosha. Tukianza kumlaumu Baba atajifungia ndani ya neno lake. Lakini kuitwa na dada si kushindwa.

Bibi atamleta mwenyewe. Hajawahi kupita Shinyanga mjini maishani mwake, lakini amekwisha kufua kitenge chake na kuweka michembe ya viazi ya safari kwenye kapu. Bwana Januarius alitupa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, naye aliitaja ya huko Moshi kwamba ina madaktari wa macho. Mama ameihifadhi ndani ya kopo la chai. Kuhusu jicho la kulia Bwana Januarius alisema hawezi kuahidi, labda akiwa mkubwa. Kuhusu la kushoto alisema ni zima na linaona, na kwamba kuanzia sasa ni la kutunzwa kama mbegu.

Nataka nikuambie jinsi alivyo, ili akifika usishtuke. Anageuza kichwa chote kutazama vitu vya upande wa kulia. Anajigonga kwenye mlango, na maji akimimina humwagika kando ya kikombe. Ameanza kukataa kwenda na wenzake kwa ndama. Lakini kuna jambo nimeliona ambalo sijamwambia mtu ila Bibi. Jicho la kushoto halitoki tena. Namwita, simwiti, amechoka, hajachoka, linakaa ndani na kukutazama sawasawa. La kulia, lile lenye weupe, ndilo lililoanza kwenda nje. Yule maksai mvivu sasa anavuta peke yake. Bwana Januarius alitaka tufike hapo, lakini si kwa njia hii.

Jioni namsimamisha mbele ya nyumba, namwuliza ndama gani yule aliye mbali, naye anamtaja kwa jina bila kukosea. Nimeanza pia kumfundisha herufi kwa kijiti mavumbini. M anaiweza. Aliniuliza kama wewe una macho yote mawili. Nilipomwambia ndiyo, akafikiri, akasema, "Basi akae upande huu wangu wa kulia. Tutachunga pande zote."

Msalimie mwanao Constantine, umwambie kiti chake cha miguu mitatu bado kipo na hakuna anayeruhusiwa kukikalia ila kuku. Wasalimie jirani zako waliotutumia nguo wakati wa msiba. Mama anakusalimu, na Mwalimu Benedikta pia, ingawa hamjuani. Milembe anasema shikamoo, wajina.

Mungu aliyekupa nyumba ya mbali akupe na masikio ya kusikia kwenu, na akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako mpaka tutakapoonana.

Mimi mtoto wako wa huku Sapiwi, nikupendaye daima,

Felisita Mabula

Nimefungua tena barua hii kabla haijaenda posta. Baba alirudi kutoka malishoni akanikuta nabandika bahasha, akauliza namwandikia nani. Sikuweza kumdanganya, nikasema ni wewe. Alisimama mlangoni ameegemea magunia ya pamba, akamtazama Milembe aliyekuwa akichora M yake chini. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba ng'ombe wake wapo. Yule mwekundu amezaa jike." Akachukua ndoo akaenda kunywesha.

Sijui kama anajua barua inasema nini. Ila siku zote Baba husema "ng'ombe wangu." Leo amesema wako.

Lori halijafika.